Mkono wa Tatu

Novisiati, Thika
4 Mei 2025

Baba,

Pokea salamu zangu. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na kwa kuwa Jumapili ndiyo siku tunayoruhusiwa kupokea barua na kuandika, sote tumekaa katika chumba cha kushonea, kila mmoja na karatasi yake, kimya kama watu wanaofanya mtihani. Barabara kuu siioni kutoka hapa, lakini naisikia. Mvua ikizidi, magari yanasikika kama mto unaopita mahali ambapo sijawahi kufika.

Nimekubaliwa. Sista Mourine, mlezi wetu sisi wanovisi, aliniita baada ya misa akaniambia kwamba nitaweka nadhiri zangu za kwanza za utawa tarehe kumi na tano Agosti. Sikufurahi pale pale. Nilienda bustanini nikasimama kati ya mistari ya sukuma wiki hadi viatu vikajaa maji, ndipo furaha ikaja, polepole, ikianzia miguuni.

Siku hiyo kila msichana huingia kanisani na mzazi wake. Mzazi humshika mkono kutoka mlangoni hadi altareni, humkabidhi kwa Mama Mkuu, kisha hurudi kukaa na watu wengine. Mama angekuwa hai ningemwomba yeye. Nimeandika jina lako. Sista ameuliza kama utakuja, nikamjibu kwamba bado sijakuuliza.

Sasa nakuuliza. Nakumbuka neno la kukataa ulilosema siku nilipoondoka. Najua pia kwamba wewe husemi jambo mara mbili, kwa hiyo sina njia ya kujua kama bado unalisema.

Binti yako,
Wamboi


Murera
17 Mei 2025

Maitu,

Dada yako Wangechi anasema ati nianze na "Mpendwa Wamboi" kama barua za shule. Nimekuita Maitu, mama yangu, tangu siku ulipopewa jina lake, na siwezi kuanza mambo mengine na hizi mvi.

Barua nimeipata. Wangechi atakuwa akizibeba hizi zangu Jumamosi akienda Thika, ataziacha kwa geti yenu. Mambo ya Agosti tutaona. Kuna kazi iko mbele yake.

Nimeamua kurudisha bunduki ya baba yangu, guka wako, kwa polisi. Kahawa tulishang'oa yote, huku sasa ni ploti na mabati, na nyani tuliokuwa tunawafukuza nayo walihama hata kabla ya watu kufika. Kibali kinaisha mwezi huo wa Agosti na macho yangu si ya mtu wa kupewa kibali kingine. Basi nikaifungua niisafishe mara ya mwisho, iende ikiwa safi. Kuifungua, nimeifungua. Kuifunga ndiyo shida.

Unaijua ile springi ya V inayosukuma nyundo. Nikiibana na koleo, mikono yangu yote miwili imeisha. Nani ataingiza kile kijino chake kwa tundu? Hiyo ilikuwa kazi yako tangu ukiwa darasa la pili. Nimemwita Wangechi, akasema kidole chake anakitumia kwa M-Pesa, hawezi kukiharibu kwa chuma ya wakoloni.

Siwezi kuipeleka kituoni ndani ya gunia kama mifupa ya mbuzi. Kitu ukirudisha, unarudisha kikiwa kizima. Nikimaliza hiyo ndiyo tutaongea habari ya kanisa. Moja kwanza, halafu ingine.

Sista wako akiona neno bunduki, mwambie risasi ziliisha zamani. Asipige kamsa.

Baba yako,
Bedan Gachau


Novisiati, Thika
25 Mei 2025

Baba,

Sista Mourine alianza kusoma barua yako akiwa amesimama. Alipofika katikati alikaa.

"Wamboi, baba yako anatafuta springi?"

"Ndiyo, Sista."

"Springi peke yake?"

"Na mtu wa kuishika."

Alinirudishia karatasi, akaendelea kuchambua maharagwe.

Nimelifikiria jambo lako wiki nzima, nikipalilia, nikipiga pasi, na samahani kwa Mungu, hata kanisani. Nilijiuliza mkono wangu ulikuwa ukifanya nini hasa pale mezani kwako. Haukuwa ukibana. Koleo lako ndilo lililobana. Mkono wangu ulikuwa ukiipokea springi iliyokwisha kubanwa na kuifikisha mahali pake. Kwa hiyo unachohitaji ni kitu kitakachoishika springi ikiwa imelala, kisichochoka, kisichotetemeka, ili mikono yako ibaki huru.

Chukua kipande cha chuma bapa, unene wa bawaba ya geti. Kata pengo upande mmoja kwa msumeno wa chuma, kisha ulainishe kwa tupa. Bana springi kwenye vaisi, kile kibanio cha mezani, polepole, hadi miguu yake miwili ikaribiane. Ivishe kile chuma, pengo likumbatie miguu yote miwili. Ukilegeza vaisi, springi itabaki imebanwa. Sasa unaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Kijino kwenye tundu, ncha kwenye ndoana ya nyundo, halafu unachomoa chuma taratibu. Basi. Miaka mitano ya uhandisi pale chuoni Juja, na nimefurahia hiki kidude kuliko mradi wangu wa mwisho.

Upana wa pengo nimeukumbuka kwa kidole. Springi ikilala ilikuwa nyembamba kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, nilipokuwa mtoto. Nimechonga mfano kwa sabuni ya kipande, umo ndani ya bahasha. Mpelekee Dalmas, yule fundi wa mageti wa Kimbo. Atauelewa bila maelezo.

Ukimaliza, niambie kuhusu Agosti.

Wamboi


Murera
8 Juni 2025

Maitu,

Sabuni ilifika. Wangechi alikuwa karibu kufulia soksi nayo.

Nilienda nayo Kimbo. Dalmas akaigeuza-geuza, akainusa. "Mzee, hii ni ya kufungua soda?" Nikamwambia ni ya bunduki. Akairudisha juu ya meza kama imemchoma. "Mimi natengeneza geti, mzee wangu. Geti na madirisha." Nikamwonyesha kibali, nikamwambia ni wewe umeichora. Hapo akalainika. "Ni yule wa mabuku? Ati alienda kuwa sista?" Nikasema ndiyo. Akakata chuma bila kuongea tena, na akalainisha na tupa mwenyewe, hata pembe ambazo hazionekani.

Nilijaribu. Springi iliponyoka ikaruka ikapita dirisha ikaingia kwa kuku. Yule mwekundu hajataga tangu hiyo siku. Nafikiri pengo ni kubwa. Ukucha wa mtoto wa darasa la pili ni mdogo kuliko unavyokumbuka.

Hebu nikumbushe. Ulikuwa unakaa upande gani wangu, wa mlango au wa dirisha? Na taa tulikuwa tunaweka wapi? Labda shida ni vile nakaa. Niandikie yote vile unakumbuka, usiruke kitu, maana mambo ya ufundi hujificha kwa vitu vidogo.

Ninapokuandikia, bunduki iko vipande mezani.

Baba yako,
Bedan Gachau


Novisiati, Thika
22 Juni 2025

Baba,

Nilikaa upande wa dirisha, juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Taa haikuwepo. Tulifanya asubuhi, siku za kahawa kuchanua, kwa sababu ulisema mtu hasafishi bunduki mvua ikiwa karibu wala matunda yakiwa yameiva. Ulikuwa na miwani ya Mama, ile yenye mkono mmoja, umeifunga kwa uzi nyuma ya kichwa. Kitambaa kilinuka mafuta ya taa. Kupitia dirishani maua yalikuwa meupe hadi mtoni, na harufu yake iliingia ikachanganyika na ile ya mafuta, hata leo sijui kuzitenganisha. Nikisikia moja natafuta nyingine.

Ukianza kubana uliacha kupumua. Nami niliacha. Ulisema "sasa" kwa sauti ndogo sana, na mimi niliingiza kijino kwenye tundu, kikalia, tik, ndipo tukapumua pamoja. Hatukuongea zaidi ya hilo neno moja. Nadhani ndipo nilipojifunza kusali, ingawa sikujua.

Juzi niliota niko pale. Ulikuwa umebana, umenyamaza, unangoja. Nikanyoosha mkono, mkono ukawa mrefu, ukapita meza, ukapita dirisha, ukaenda juu ya maua yote yale meupe hadi ng'ambo, na huku nyuma nikakusikia ukisema "sasa, sasa," wala sikuona ningeurudishaje. Niliamka kabla ya kengele. Sikumwambia mtu.

Kuhusu pengo: lipunguze kidogo, na mwambie Dalmas akunje ncha moja ya chuma kwa ndani, kama kucha, ili springi isipate pa kuponyokea. Mchoro uko nyuma ya karatasi hii. Nimeupima vizuri. Utafanya kazi.

Agosti inakaribia, Baba. Hujasema kitu.

Wamboi


Murera
6 Julai 2025

Maitu,

Miwani nilikuwa nimesahau. Nimeitafuta nikaipata ndani ya kikapu cha mama yako cha kushona.

Kwa barua yako kuna mahali umeandika juu ya maua. Karatasi nimeibeba hadi kule chini mtoni, sijui kwa nini. Sasa kuna nyumba ya gorofa na watu wanaanika nguo. Nilisimama hapo hadi mama mmoja akaniuliza kama natafuta nyumba ya kupanga.

Dalmas amekunja ncha vile ulisema. Siwezi kusema kazi imeisha. Ninavyoandika, bado iko hapa mezani vipande vipande, juu ya gazeti. Angalia tena hesabu zako. Na uniambie, ile siku ulijikata kidole, tulikuwa tunafunga nyundo ya kulia ama ya kushoto? Ulilia ama hukulia? Mimi nakumbuka hukulia.

Baba yako,
Bedan Gachau


Kimbo, Ruiru
11 Julai 2025

Sasa Wamboi,

Naandikia hapa kwa kibanda cha M-Pesa, wateja wakija naacha kwa hivyo usishangae mwandiko. Hii barua nampa Sista Mourine mkononi. Baba asijue, tafadhali, maana nakula kwake.

Hicho chuma chako kinafanya kazi. Kilifanya tangu kile cha kwanza. Ni kweli springi ilienda kwa kuku, hiyo nilishuhudia, kuku karibu afe. Lakini Baba aliiokota akajaribu tena. Niliporudi kutoka kazi nikakuta bunduki imesimama kwa kona ikiwa nzima, nyundo zote mbili, inang'aa. Nikamwambia, "Ala, mzee, umeifunga." Akaniangalia tu. Unajua vile anaangalia.

Kesho yake asubuhi akaileta mezani. Akaifungua, pole pole, kama mtu anavua mtoto sweta. Akapanga vipande kwa gazeti. Halafu ndiyo akachukua kalamu akakuandikia. Nilidhani amechanganyikiwa. Na mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Hata kati ya barua, anaifunga, anakaa nayo, anaifungua. Nikamuuliza kwa nini, akasema hataki kukuandikia uongo. Sikuelewa kwanza. Wamboi, hawezi kuandika ati iko vipande kama haiko vipande. Kwa hivyo anaifungua kwanza.

Barua zako anazisoma na ile miwani ya mama. Akifika mwisho anaanza tena. Nikimuuliza habari ya Agosti ananiuliza kama ng'ombe amekunywa maji. Ng'ombe tuliuza mwaka jana.

Mimi sijui mambo ya Mungu vile wewe unajua. Nimekwambia tu uache kuchora.

Wako,
Wangechi


Novisiati, Thika
20 Julai 2025

Baba,

Sitatuma mchoro mwingine. Nimeangalia hesabu zangu kama ulivyosema. Ziko sawa.

Tulikuwa tunafunga nyundo ya kushoto. Sikulia. Nilingoja hadi nikaenda kisimani.

Baada ya barua yako ya kwanza Sista Mourine aliniuliza kama unatafuta springi peke yake, nami nikamjibu kama mhandisi. Nilisoma kwamba mikono yako haitoshi, nikakaa chini kutafuta kitu cha kuweka mahali pa mkono wangu. Nilifanya kazi hiyo kwa furaha nyingi. Nilikata, nikapima, nikachonga, nikakutumia ndani ya bahasha, na wala sikujiuliza ukifungua utakuwa umepokea nini. Mimi ni mtu wa kufikiri sana, Baba, wewe mwenyewe husema hivyo. Lakini nilifikiri juu ya chuma.

Hapa yuko mwenzangu anaitwa Mumo. Baba yake anatoka Machakos na amekwisha kushonesha suti. Mzee huyo amesema akifika anaweza kutushika sisi wote wawili, mmoja kila mkono, nisiingie peke yangu. Ni mtu mwema. Nimemwambia hapana. Usipokuja nitaingia na upande wako ukiwa mtupu, na watu waone.

Sikuombi ruhusa. Ukweli ni kwamba nilikwisha kuondoka, na kurudi kwangu kungekuwa kukaa nawe nyumbani kama mtu aliyekufa. Nakuomba uje unifikishe. Ni tofauti, na nimekesha na tofauti hiyo hadi nimeiamini.

Wamboi


Murera
3 Agosti 2025

Maitu,

Bunduki imeenda.

Jana niliifunga na hicho chuma chako, Wangechi akiangalia, nikaifunika na blanketi nikaipeleka kituoni. Nilipata msichana mdogo wa polisi. Akafungua blanketi, akashangaa, akaita wenzake waje waone. "Mzee, hii kitu inafanya kazi?" Nikamwambia inafunga. Akasema, "Si hiyo nimeuliza." Nikamwambia mimi ndiyo hiyo najua. Akaandika, akagonga muhuri. Chuma nimeacha pamoja nayo. Nilipotoka mkono wangu wa kulia haukujua mahali pa kukaa, nikauweka mfukoni.

Sasa habari ya kanisa.

Mimi nilizaliwa na Wamboi. Nilimzika Wamboi, mimi ndiye nilirusha udongo wa kwanza. Mwaka uliofuata ukazaliwa, tukakupa jina, na wazee wakaja wakakusalimia na kusema, "Mama wa Bedan, umerudi." Si mchezo. Nilipokuwa nakupakata nilikuwa nashika mama yangu. Huu ndio mpango wetu, wewe unaujua hata kama vitabu vyako vinasema mengine. Mtu haendi kabisa, kwa sababu anaitwa tena. Na wewe ungezaa, mmoja angekuwa Bedan, basi mimi nisingekuwa na wasiwasi.

Sasa niambie. Mtu anampeleka mama yake vipi hadi mbele ya kanisa, anamwacha hapo, na anarudi kukaa kwa benchi? Nani alishafanya hiyo? Wangechi ananiambia nisijali, atazaa yeye, nimngoje tu amalize na M-Pesa. Nilicheka. Lakini yeye ana jina la mama wa mama yako. Ni wa upande wao.

Sina hasira na Mungu wala na Sista wako. Kitu naogopa ni kidogo kuliko hiyo. Naogopa nitakushika hadi mbele, yule Mama Mkuu anyooshe mkono wake, na vidole vyangu vikatae kufunguka. Watu wote wakiangalia. Nimejaribu hapa nyumbani, nimeshika mguu wa kiti nikajiambia, sasa acha. Kiti niliacha. Lakini kiti ni kiti.

Kwa hivyo sijui. Sitaki kukuandikia nakuja kama sijui.

Baba yako,
Bedan


Thika
17 Agosti 2025

Baba,

Ijumaa hatukupata nafasi ya kuongea. Picha zilikuwa nyingi, na shangazi zake Mumo walitaka kila mtu acheze. Nilipokutafuta niliambiwa umekwisha kuondoka na Wangechi kabla ya chakula. Sikukasirika. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Lakini kuna jambo ambalo hukuliona kutoka mahali uliposimama, na sitaki ukae nalo nyumbani likiwa nusu.

Nilikuwa mlangoni tangu mapema. Mumo alipita na baba yake na suti yake mpya. Wengine wakapita. Kwaya ilianza ubeti wetu wa mwisho na nikajiambia, haya, twende. Ndipo nikasikia mtu nyuma yangu akipumua kama amepanda mlima. Ulinishika mkono tu, wa kushoto, upande wa dirisha.

Tulipofika mbele, Mama Mkuu alinyoosha mkono wake, nawe hukuniachia. Alingoja. Kwaya ilimaliza, mpiga kinanda akaangalia huku na huku, akaanza wimbo upya. Sista Mourine aliinamisha kichwa. Baadaye watu wameniambia jinsi ilivyokuwa vizuri, wakidhani ndivyo ibada ilivyoandikwa, kwamba mzazi hukaa pale kwa muda akimwombea mtoto wake. Mumo amemlaumu baba yake kwa kumwachia haraka.

Najua umekwenda Murera ukifikiri kwamba vidole vyako vilikataa mbele ya watu, kama ulivyoogopa. Wangechi amenitumia ujumbe kwa simu ya geti kwamba huli.

Baba, sikiliza. Mkono wangu nao ulikuwa umefumba. Uangalie wako, upande wa juu, karibu na kifundo. Nadhani kucha zangu zimeacha alama. Mimi niliyekuandikia kwamba nilikwisha kuondoka, niliyekesha na maneno yangu hadi nikayaamini, nilikushika pale mbele kwa nguvu ambayo sikujua ninayo, na nilikuwa nikikuombea usiache. Niliomba hivyo, kwa maneno hayo, mbele ya altare, siku ya nadhiri zangu. Kisha kitu kikalegea. Hadi leo sijui kama ni wewe uliyeachia kwanza au ni mimi. Nimeufikiria mkono ule kidole kwa kidole, kama ninavyofikiria kila kitu, na sijui. Nilichojua ni kwamba Mama Mkuu alikuwa amenishika, na wewe ulikuwa ukirudi kati ya benchi, mrefu, na koti lako limeingia vumbi mgongoni, ukitafuta mahali pa kukaa. Nilitaka kukuonyesha kwamba benchi la wazazi liko kushoto. Sikuweza kugeuka. Mtu wa nyuma akakusogezea nafasi.

Niliulizwa kama nitachukua jina jipya, kama wengine. Nimebaki na langu.

Sasa naruhusiwa kupokea barua siku yoyote, si Jumapili tu. Tafadhali kula. Na uniandikie, Baba, hata kama hakuna kilichoharibika.

Wamboi